Kibao cha Gurudumu la Mbele Kushoto

Mara ya pili walipokataliwa kwenye ukaguzi wa magari, Milimita hakuanza neno lolote njia nzima ya kurudi nyumbani. Aliushika usukani kwa mikono miwili, taya kazikaza, macho kayakodoa mbele kama mtu aliyetukanwa na barabara yenyewe. Dada yake mkubwa, aliyekaa kando na mkoba magotini, ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili.

"Kigari kinaegemea kulia," alisema, akibana pua kumwiga mkaguzi. "Juzi kinaegemea kushoto, leo kinaegemea kulia. Kesho tutaambiwa kinaegemea mbinguni!"

Milimita alibadilisha gia.

"Mdogo wangu, si nasema na wewe?"

"Nakusikia, Dada."

"Ulipima, hukupima?"

"Nilipima."

"Kipovu cha pima maji kilikaa katikati, hakikukaa?"

"Kilikaa. Si ulikiona mwenyewe?"

"Basi aliyepinda ni yule binti wa ukaguzi," alisema Dada Mkubwa, akakaza mkanda wa mkoba wake kana kwamba kesi imekwisha na hakimu ni yeye. Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na tisa, na hukumu zake hazikuwa na rufaa.

Jina la Milimita hakupewa na wazazi. Alilipata kwenye karakana ya mabasi, alikofanya kazi ya springi kwa miaka thelathini na mitatu. Ilikuwa basi haliwezi kutoka mikononi mwake kama ubavu mmoja umezidi mwingine hata kwa unene wa kucha. Madereva walipiga honi, walilalamika, walimwita majina, naye yuko chini ya basi, miguu tu inaonekana, anasema, "Bado milimita mbili." Walipochoka kugombana naye wakambatiza. Mkewe alikuwa na lake: alisema mume wake akitumwa chumvi hupima kijiko kwa futi. Milimita hakuudhika. Kuna watu wanajulikana kwa sauti zao, wengine kwa madeni yao. Yeye alijulikana kwa kutokosea, na alilivaa jina hilo kama watu wanavyovaa koti zuri, hata siku za joto.

Kigari kilikuwa cha marehemu shemeji yake, mume wa Dada Mkubwa. Kilikuwa kidogo, cha rangi ya maziwa, milango miwili, taa mbili za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Kilikuwa na umri mkubwa kuliko yule mkaguzi, na labda kuliko mama yake mkaguzi. Mtaa mzima ulikijua kwa mlio. Shemeji alikitunza mwenyewe hadi mwaka aliokufa, na kila mwaka kilipita ukaguzi bila swali. Hata mwaka mmoja baada ya mazishi kilipita, kwa kuwa mkono wake ulikuwa bado umo ndani yake. Mwaka wa pili ndipo kilipoanza kuinamisha bega.

Sheria ya ukaguzi ilikuwa fupi na kavu: gari likishindwa mara tatu katika mwaka mmoja, namba yake inafutwa. Dada Mkubwa alikuwa amekwisha kusema kwamba siku namba ya mume wake itakapofutwa, na yeye wamfute.

"Usiongee hivyo, Dada."

"Naongea ninavyotaka. Watu wanaoijua namba ile ni wengi kuliko wanaokujua wewe."

Basi ilibaki mara moja, Ijumaa, na ilikuwa Jumatano.

Walipofika, Milimita hakungoja hata chai. Alikirudisha kigari bandani, mahali pake palepale, pua ikitazama ukuta wa mbele. Alikitikisa, kwanza mbele, kisha nyuma, akakisogeza hatua mbili na kukirudisha ili magurudumu yatulie, maana gari lililoegeshwa sasa hivi husimama kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Kisha akachukua pima maji yake, ile ndefu ya mbao aliyorithi kwa baba yao, akailaza juu ya bampa la mbele.

Kipovu kilitambaa, kikasita, kikakaa katikati kabisa ya mistari miwili.

Milimita alikitazama. Akaigeuza pima maji, kushoto ikawa kulia, ili kama ina hila, hila hiyo ionekane. Kipovu kikarudi katikati na kukaa humo kwa raha zake.

"Mimi nitachanganyikiwa," alisema, akiliambia bampa.

Kazi yenyewe haikuwa ngeni kwake. Kigari cha aina ile hakina springi za kujiviringisha mbele. Kina fimbo mbili nene za chuma zilizolala chini ya sakafu yake, moja kila upande, kutoka gurudumuni kwenda nyuma. Gurudumu likipanda, fimbo inasokotwa. Fimbo ikijisokotoa, gurudumu linashuka. Miaka ikizidi, fimbo huchoka na gari huinama upande huo. Dawa yake ni kuichomoa fimbo kwenye meno yake na kuirudisha jino moja mbele. Lakini jino moja huinua gari milimita thelathini na nane, kipimo cha kibabe kisichofaa watu wastaarabu. Kwa hiyo nyuma ya fimbo kuna bamba lenye matundu, na kila tundu ni milimita sita. Jino kwa kazi kubwa, tundu kwa kazi ya adabu.

Wiki iliyotangulia, mkaguzi aliposema kigari kimeinama kushoto, Milimita karibu aruke kwa furaha. Tangu astaafu hakuna mtu aliyemletea kitu kilichoinama. Alilala chini ya kigari siku mbili, akaipandisha fimbo ya kushoto jino moja, akaweka pima maji, kipovu katikati, akafunga bolti na kujipangusa kama daktari aliyetoka kumzalisha mama wa mapacha. Kisha wakaenda, na yule binti mwenye kofia ya kazi akazunguka mara moja, akaweka vipimo vyake, akasema, "Mzee wangu, sasa linaegemea kulia. Milimita ishirini na nne."

Ishirini na nne! Kumwambia yeye, mbele ya watu wenye magari yao kwenye foleni!

"Binti yangu," Milimita alikuwa amejibu, kwa sauti ya kusikika hadi gari la nne, "hayo macho yako ndiyo yanayotaka kukaguliwa."

Watu walicheka. Mkaguzi hakucheka wala hakununa. Aliandika kipimo chake kwenye fomu, akamkabidhi. Neno lile Milimita alilifurahia kwa muda wa kama dakika tano, halafu likaanza kumkereketa kama mfupa wa samaki.

Alhamisi asubuhi alianza upya. Safari hii alisema atafanya kama kitabuni, na gari litapimwa likiwa na dereva ndani.

"Dada, njoo ukae kwenye usukani."

"Niendeshe?"

"Ukae tu. Nataka uzito."

"Unataka nini?"

"Nataka mtu, Dada. Mtu wa kukaa."

"Ulisema uzito. Nimekusikia vizuri." Hata hivyo aliingia, akakaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Kigari kikashuka kidogo na kutoa mlio. "Na usithubutu kuandika hiyo tofauti mahali popote."

Milimita aliingia chini. Alifungua nati ya bamba, nati ikamponyoka, ikaanguka sakafuni, ikabingirika. Ilipita chini ya mlango wa kushoto, ikapita gurudumu la mbele, ikaishia konani mbele kabisa, kwenye alama ya kiganja.

Kiganja kile kilikuwa chake. Miaka thelathini na minne iliyopita, Dada Mkubwa alipoolewa na kuhamia nyumba ile, Milimita alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, ametoka kufundishwa na baba yao kumwaga zege. Zawadi yake kwa maharusi ikawa sakafu ya banda. Aliimwaga peke yake kwa siku moja, na zege likiwa bado laini akapiga magoti konani na kuukandamiza mkono wake wa kulia, vidole vitano vimetanuka, kama sahihi. Shemeji alisimama mlangoni, akaitazama sakafu kwa muda, akasema, "Shemeji, sina la kusema." Milimita alilihifadhi neno lile maisha yake yote.

Alitambaa kuifuata nati, akaiokota kiganjani, akarudi. Baada ya robo saa ikamponyoka nyingine. Ikabingirika kulekule. Ya tatu ikafanya hivyohivyo.

"Kila nati ya banda hili ina kwao konani!" alipiga kelele kutoka chini ya gari.

"Shika vitu kwa nguvu," alisema Dada Mkubwa kutoka juu, bado wima. "Tangu utoto una mikono ya siagi. Naweza kutoka?"

"Bado."

"Mguu umekufa ganzi."

"Bado kidogo, Dada."

"Mume wangu hakuwahi kunikalisha humu kama gunia. Siku ya kupima alinituma dukani, nikirudi amemaliza."

Mchana kipovu kilikuwa katikati. Kilikuwa katikati na mtu, kilikuwa katikati bila mtu, kilikuwa katikati kwenye bampa na kwenye fremu ya kioo cha mbele. Kwenye madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, Milimita hakupima, kwa sababu ya umri yalikwisha kugongwa nyundo mara nyingi na hayakufanana tena. Lakini alipotoka nje na kukitazama kutoka mbali, kitu fulani kilimkera jichoni, na hakuweza kukitaja. Akakunja uso, akakunjua, akafumba jicho moja. Akaja tena kwenye pima maji. Katikati. Alihisi kama anabishana na mtu mpole anayetabasamu tu.

Alipoingia ndani kunywa maji, Dada Mkubwa alikuwa mezani, miwani puani, anasoma karatasi aliyoiandika kwa mwandiko wake wa ubaoni.

"Kaa usikilize," alisema. "Hii inakwenda kwa mkuu wa kituo cha ukaguzi. Kesho, tukienda, naikabidhi mwenyewe." Akakohoa. "Ndugu yangu wa damu, fundi wa springi kwa miaka thelathini na mitatu, amekipima kigari hiki ndani ya banda ambalo sakafu yake aliimwaga kwa mikono yake mwenyewe, sakafu isiyo na mteremko hata wa punje ya mchele. Kwa hiyo kosa, kama lipo, limo katika macho ya mkaguzi wenu, ambaye naomba asimamishwe kazi mpaka atakapojifunza kusoma kipimo."

"Asimamishwe kazi, Dada?"

"Ametudhalilisha mara mbili. Familia yetu haijawahi kurudishwa mlangoni mara mbili. Weka sahihi hapa, kama shahidi wa ufundi."

Milimita alitazama mahali pa sahihi. Jana angeiweka huku anapiga mluzi. "Mikono ina grisi," alisema. "Nikimaliza."

"Umalize basi. Na kigari kioshwe. Hatuendi kulalamika na gari chafu."

Hakungoja aoshewe. Alikunja mikono ya gauni, akachukua ndoo, akamwagia kigari maji kutoka paa hadi magurudumu, akisugua na kunung'unika, huku mdogo wake yuko chini anakaza bolti ya mwisho.

"Dada! Niko huku!"

"Toka basi."

Maji yalimfikia Milimita mgongoni. Akageuka kwa ubavu akilaani, na kwa kuwa alikuwa amelala, shavu karibu na sakafu, akaona jambo ambalo mtu aliyesimama asingeliona. Maji hayakutanda. Hayakwenda mlangoni wala nyuma. Yaliungana yote kama watu walioitwa, yakapita chini ya gurudumu la mbele kushoto, yakaingia konani, yakajaa kidole gumba, kisha vidole vinne, kisha kiganja kizima, yakatulia yanang'aa.

Milimita alibaki palepale amelala majini.

"Umeumia?" Dada Mkubwa aliinama kuchungulia.

"Hapana."

"Mbona hutoki?"

"Natoka."

Alitoka, akaenda stoo, akarudi na mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, ule wanaotumia waashi. Aliujaza maji, akafunga ncha moja kwenye mguu wa kabati la spana upande wa kulia na nyingine konani kushoto, akasubiri maji yatulie pande zote mbili. Akapima kutoka sakafuni hadi maji, huku na kule. Akapima tena. Akapima mara ya tatu akiwa ameuma ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika.

Kona ya mbele kushoto ilikuwa chini kwa milimita ishirini na nane.

Akakumbuka. Siku ile, badala ya kutumia mpira wa maji, kwa haraka na kwa kiburi cha miaka ishirini na sita, alipima kutoka mstari wa matofali ya ukuta. Alisema mwashi aliyejenga ukuta amekwisha kupima, wa nini kupima mara mbili? Mwashi alikuwa ameuacha mstari ukateremka konani, na Milimita akaufuata, akamalizia kwa kutia mkono wake.

Ikawa wazi yote kwa mpigo. Gurudumu la kushoto lilikuwa limesimama shimoni, naye akaliinua hadi kipovu kimeridhika. Kigari kikitoka bandani na kusimama mahali pa sawa, bega la kushoto linapanda, kinaegemea kulia. Kadiri alivyozidi kukinyoosha humu ndani ndivyo alivyozidi kukipinda.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikukaa. Shemeji alikipimia humuhumu, miaka yote, na kila mwaka kilipita. Alipimaje?

Milimita aliinua macho. Juu kidogo ya kona, ukutani, palikuwa na msumari mtupu, na chini yake sehemu ya chokaa yenye umbo la mstatili, nyeupe kuliko ukuta mwingine.

"Dada," aliita, "hapa palitundikwa nini?"

"Wapi? Aa. Kibao cha shemeji yako. Nimekichukua kuwekea pasi."

Kilikuwa jikoni, juu ya meza, pasi imekaa juu yake, na umbo la pasi limeungua kwenye mbao. Milimita aliiondoa pasi, akachukua futi. Unene, milimita ishirini na nane. Hakuhitaji kupima mara ya pili, ila alipima. Kisha akakigeuza.

Upande wa chini ulikuwa umejaa mwandiko wa penseli, mdogo na wa polepole. Juu kabisa iliandikwa: Chini ya gurudumu la mbele kushoto. Sakafu ya shemeji. Chini yake tarehe, moja kila mwaka, safu mbili, ya kwanza ikiwa mwezi mmoja tu baada ya zege kukauka.

Milimita aliketi kwenye stuli ya jikoni. Alikuwa na hasira, lakini hakupata mtu wa kumpa. Shemeji aliligundua kosa mwezi mmoja tu baada ya kazi ile ya kwanza. Akachonga kibao, akakaa kimya. Akamsikia mkewe akiisifu sakafu mbele ya wageni, akatikisa kichwa kukubali. Akamsikia Milimita mwenyewe, kwenye kila kikao cha familia, akisimulia mabasi yaliyosubiri milimita mbili, akacheka pamoja na wengine. Na kila mwaka, asubuhi moja, alimtuma mke dukani.

Angeweza naye kufanya hivyohivyo. Kukiweka kibao chini ya gurudumu, kupima upya, kesho kigari kipite, na mtu asijue. Alirudi bandani akaanza kufanya hivyo hasa. Alikipandisha kigari juu ya kibao, akakitikisa, akakituliza, akaona kipovu kimekimbilia pembeni kama mwizi aliyemulikwa. Akalegeza bamba, akarudisha tundu moja, mawili, matatu, manne. Katikati.

Matundu manne. Milimita sita mara nne, na zile nne za kibao zilizozidi humezwa na springi na matairi.

Ishirini na nne. Yule binti hakuwa amekosea hata moja. Katika miaka yote ya kazi yake alikuwa ametafuta mtu mmoja anayepima kama yeye, na siku alipompata alimtukana mbele ya foleni. Na mezani ndani kulikuwa na barua ya kumsimamisha kazi, inayongoja mikono yake ikauke.

Alijipangusa, akachukua kibao, akaingia.

"Dada, barua hiyo usiipeleke."

"Kwa nini? Nimekwisha kuiandika safi."

"Sakafu imepinda."

"Sakafu ipi?"

"Yangu."

Dada Mkubwa alicheka, kicheko kifupi cha mwalimu aliyeletewa kisingizio kibovu. "Sakafu ile? Acha utani wako. Watu wamekuja kuitazama sakafu ile."

Milimita alikiweka kibao juu ya barua, mwandiko juu. Dada Mkubwa alirekebisha miwani. Mwandiko aliutambua kabla hajausoma. Ilionekana kwa jinsi mkono wake ulivyokwenda shingoni. Akasoma mstari wa juu. Kisha kidole chake kikaanza kushuka, tarehe moja moja, safu ya kwanza, safu ya pili, hadi ile ya mwisho ambapo penseli ilikuwa imetetemeka.

"Miaka thelathini na minne," alisema.

"Thelathini na miwili. Ya mwisho ni mwaka aliokufa."

"Usinisahihishe!" Alivua miwani. "Mtu analala ubavuni mwangu, anakula chakula changu, na moyoni ana siri ya zege! Na mimi naisifu! Nimewaita wakwe, nimewaita walimu wenzangu, nimewaambia tazameni kazi ya mdogo wangu! Naye amesimama palepale anaitikia! Kwa nini hakuniambia?"

"Ungenisema."

"Ningekusema ndiyo! Ningekusema mpaka leo!"

"Ndiyo maana, Dada."

Dada Mkubwa alirudisha miwani puani. Akaivuta barua kutoka chini ya kibao, akaisoma tena kimoyomoyo, na alipofika kwenye punje ya mchele uso ukamwiva. Akaichana. Vipande akavitia mfukoni mwa gauni, si kwenye pipa, mtu asije akaviunganisha.

"Na pasi yangu," alisema hatimaye, kwa ukali kama vile hilo ndilo lililokuwa limemwudhi tangu asubuhi, "nitaiweka wapi?"

Ijumaa walikuwa wa tatu kwenye foleni. Mkaguzi alipowaona alivuta pumzi, akashusha kofia, akaja na vipimo vyake. Alizunguka mara moja, akazunguka mara ya pili taratibu zaidi. Milimita alisimama mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuchungulia futi ya mtu mwingine.

"Liko sawa," alisema mkaguzi. "Milimita moja tu, na hiyo naisamehe." Akapiga muhuri. "Safari hii mmefanya nini, mzee wangu?"

"Tumebadilisha mahali pa kupimia," alisema Dada Mkubwa haraka.

"Sakafu ilikuwa na mteremko?"

"Kidogo."

"Mafundi wengine bwana. Nani aliimwaga?"

"Mtu wa ukoo," alisema Dada Mkubwa, uso juu. "Tumeshaongea naye."

"Ni mimi," alisema Milimita.

Dada Mkubwa alimfinya mkono, mfinyo ule wa utotoni, wa kugeuza ngozi. Haukusaidia.

"Niliimwaga mimi, mwanangu, na imepinda ishirini na nane. Wewe ulisema ishirini na nne, na ilikuwa ishirini na nne. Yale maneno niliyokutupia juu ya macho yako, naomba uniwie radhi."

Walioko kwenye foleni walikuwa wamesogea kusikiliza. Mkaguzi alimtazama, akatazama fomu, kona ya mdomo ikamcheza. "Nimekwisha kusahau, mzee," alisema, ingawa ilionekana wazi hakuwa amesahau. "Mwakani uje na pima maji yako. Nataka kuiona."

Njia nzima ya kurudi kigari kilikwenda wima, hakivuti huku wala kule. Ilikuwa zamu ya Dada Mkubwa kunyamaza, na alinyamaza hadi kwenye kona ya mtaa wao.

"Ilikuwa lazima useme?"

"Ilikuwa lazima."

"Mume wangu kavumilia miaka thelathini na miwili. Wewe umeshindwa dakika mbili!"

Bandani Dada Mkubwa alikataa sakafu ivunjwe. Alisema kibao kipo, na vumbi la zege hataki. Milimita alikitundika kwenye msumari wake, kikaingia kwenye kivuli chake cheupe bila kubakiza nafasi. Halafu akakishusha tena, akatafuta penseli, na chini ya ile tarehe iliyotetemeka akaacha nafasi ya mwaka mmoja, akaandika ya leo. Kutoka jikoni Dada Mkubwa alikuwa akipiga kelele kwamba pasi imeunguza meza, na kwamba katika nyumba hii hakuna mwanamume, aliye hai wala marehemu, anayeweza kumwambia mtu jambo kwa wakati wake.